Kabla ya kuuliza nani kamuibua, uliza mpira ulikuwa unalala kwa nani

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Juzi niko dukani nashona, redio inazungumza peke yake, nikasikia bwana mmoja anahojiwa: "Yule kijana nimemuibua mimi." Anamsema mtoto wetu mmoja anayecheza Ligi Kuu Bara hivi sasa. Nikaondoa mguu kwenye cherahani. Huyo alikuwa mtu wa tatu mwaka huu kudai kamuibua kijana yule yule, na wote watatu sijapata kuwaona kiwanjani kwetu, hata siku ya kupita njia wakienda msibani.

Mie si kocha, niseme mapema asije mtu akaniuliza leseni. Ni fundi cherahani wa Ng'ambo, mtaa wa Mjini hapa Unguja, na nimekuwa katibu wa timu ya watoto ya mtaani kwetu miaka isiyopungua 15. Ukatibu nilipewa kwa sifa mbili: nilikuwa nashona namba za jezi bure, na nilikuwa na daftari. Jina la kijana silitaji, wala la utani silitaji, maana mkilisikia tu mtamjua na mwenyewe hajanipa ruhusa. Ila alivyoanza nitaeleza, kwa kuwa naona watu wanadhani mchezaji huota kama uyoga: leo hayupo, kesho yuko uwanja wa Chamazi, Dar, na jezi mpya.

Timu yetu ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi. Ikiadhiniwa Maghrib mazoezi yamekwisha, watoto wanatawanyika, na mpira lazima ulale kwa mtu. Hapo ndipo penye fitina yote. Ukilala kwa mtoto mtundu unapigwa ukutani usiku, asubuhi unarudi umetoka kibofu. Ukilala kwa mtoto wa kununa, kesho mkigombana naye haji, na asipokuja yeye hakuna mpira, watoto ishirini wanakaa chini ya mwembe wanatazamana. Ukilala kwenye nyumba ya baba asiyependa mpira, shauri yako. Mmoja tulirudishiwa vipande viwili, umepasuliwa kwa kisu cha samaki, na salamu juu yake. Kwa hiyo nyuma ya daftari nilipiga mistari: siku saba, nyumba saba, na mwenye kuuharibu anatolewa kwenye zamu mwezi mzima.

Huyu kijana hakuwa kwenye timu. Alikuwa mdogo, miaka minane au tisa hivi, miguu kama vijiti vya mishkaki. Kazi yake kukaa nyuma ya goli la upande wa mtaroni na kuokota mipira inayotumbukia. Siku moja akaja dukani, akasimama mlangoni mpaka mteja akaondoka, akaniambia: "Ami fundi, mie sitaki kucheza. Nataka mpira ulale kwetu."

Nikacheka. Halafu nikamuuliza kwao wapi, anakaa na nani. Akasema na bibi yake. Nikaenda mwenyewe kuzungumza na bibi, maana mpira wa timu si kitu cha kumpa mtoto mkubwa wake asijue. Bibi akasema uje, mradi usiingie chumbani kwake na usiguse mtungi. Nikamwandika Jumanne.

Kilichokuwa kikitokea usiku wa Jumanne nimekuja kuelezwa na bibi miaka mingi baadaye, nilipompelekea buibui lake. Ile nyumba ina ukumbi mrefu mwembamba kama nyumba nyingi za Ng'ambo, vyumba huku na huku. Baada ya Isha bibi huketi juu ya mkeka na tasbihi yake. Mtoto naye husimama mwisho wa ukumbi anapiga danadana. Mmoja anahesabu moyoni, mwengine anahesabu kwa sauti. "Nikifika sabini na kitu," bibi akaniambia, "yeye anasema kumi na mbili, na mie najikuta nasema kumi na mbili. Naanza upya. Uradi mmoja nauleta mara tatu kwa ajili ya mpira wenu." Akamkataza kuhesabu kwa sauti. Basi mtoto akawa anapiga danadana kimya, hesabu iko moyoni kama ya bibi yake. Mpaka leo mkimtazama kwenye runinga anasubiri kona ipigwe mtaona midomo inachezacheza. Watangazaji husema anaomba dua. Huenda. Mie najua anahesabu.

Sasa tizameni muda wenyewe ulivyo mdogo. Wakati ule skuli zetu nyingi zilikuwa na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Mtoto wa asubuhi akitoka skuli anakula, anakwenda chuoni kusoma Kurani, anatoka chuoni Alasiri imeshasaliwa. Jua la kwetu halina masihara, kiangazi na masika linazama baina ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50, na Maghrib haimngoji mtu aliyebakisha bao moja. Ukiondoa kubadilisha nguo na kutafuta mwenye zamu ya mpira, unabakiwa na saa moja na nusu. Hiyo ndiyo akademi yetu. Maalim wa chuo chao alikuwa hamwachii mtoto mpaka asome aya zake bila ya kukwama, na huyu wetu akawa wa kwanza kutoka kila siku. Watu wakimsifu bibi yake kwa mjukuu mcha Mungu, na mie nikinyamaza.

Siku sita zisizo zamu yake alicheza na mpira wa soksi. Wakubwa wenzangu mnakumbuka sisi tulifunga mipira kwa mifuko ya plastiki, matambara ndani, mifuko juu, kamba ya katani. Mifuko ilipopigwa marufuku huku kwetu, na sisi tulitangulia Bara kwa miaka mingi, mpira ule ukafa. Nafuu ya mazingira, hasara ya washambuliaji. Soksi ndiyo ikashika nafasi, na mabaki ya vitambaa vyangu ndiyo yakawa matumbo yake. Mpira wa soksi haurudi ukiupiga ukutani, unaanguka pale pale kama mtu aliyezimia. Ukitaka ukufuate inabidi uubebe na mguu. Mie si mtaalamu, lakini nikimuona leo anavyoupokea mpira mrefu ukafia kwenye kiatu, naona soksi.

Kipimo changu cha kukua kwake kilikuwa upindo. Jezi zetu zilikuwa fulana za mtumba nilizozitia rangi pipani, zote za wakubwa. Yake ilimfika magotini. Nikaikunja chini upindo wa vidole vinne, mikono nikaitia mshono wa ndani. Namba nilimpa 14, si kwa sababu yoyote ya kimpira ila kitambaa cheupe kilichobaki kilitosha mistari iliyonyooka tu. Kila msimu anakuja nafumua kidogo. Mwaka aliokuja nikakuta upindo umekwisha na fulana imekuwa fupi, nikajua ameshatoka mikononi mwangu.

Kabla ya hapo alicheza ngazi zote za vijana tulizonazo, Juvenile, Junior na Central, na mechi za skuli za kuadhimisha Elimu Bila Malipo zile zinazofika kilele tarehe 23 Septemba. Sitazieleza moja moja, zinafanana: jua, vumbi, refa anatukanwa, timu inarudi kwa miguu.

Nitasema la vijeba tu maana linanikera. Timu nyingi zilikuwa zinaleta mtu ana ndevu amezinyoa alfajiri, cheti kinasema miaka 14. Mtoto wa kweli wa miaka 14 anapigwa kikumbo anakaa benchi msimu mzima, na ndugu zake wanasema hana kipaji. Aibu hii tuliisafirisha mpaka Burundi mwaka 2018, timu yetu ya vijana chini ya miaka 17 ikaondolewa kwenye mashindano ya CECAFA, yale ya Afrika Mashariki na Kati, kwa ajili ya umri. Watoto waliopotea kwa sababu nafasi zao zilichukuliwa na vijeba hakuna aliyewahesabu.

Akiwa na miaka 16 akaja bwana mmoja kutoka ng'ambo ya bahari, mwenye simu mbili, akasema kuna majaribio kwenye klabu kubwa. Bibi akauza kitanda cha samadari. Mtoto akavuka na boti ya asubuhi, yule bwana akamwambia nisubiri hapa bandarini nakuja. Akasubiri mpaka jioni. Nauli ya kurudi alipewa na muuza kahawa asiyemjua. Aliporudi hakunambia kitu, alikuja akaomba zamu ya mpira. Nikamwambia wewe mkubwa sasa, zamu ni za watoto. Akasema basi nipe ya leo tu.

Baada ya hapo timu ya kikosi kimoja cha serikali ikamchukua, akacheza Ligi Kuu ya Zanzibar, na yaliyobaki mnayasoma magazetini.

Nauliza, huyu kaibuliwa na nani?

Mzee wa Baraza

Fundi, umeandika vizuri lakini harufu naisikia. Mwisho wake unataka tuseme umemuibua wewe.

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. La hasha. Mie nimekunja upindo. Tena nikwambie la kunifedhehesha: mara ya kwanza alipoomba kuchezeshwa nilimkatalia, nikasema huyu atavunjika. Aliyemwingiza ni golikipa wetu, siku tuliyopungukiwa na mtu mmoja. Ingekuwa kumuibua ni kazi yangu, angekuwa nyuma ya goli mpaka leo.

Karafuu na Makonyo

Fundi, wa Mjini nyinyi mna raha. Mie ni wa Wete, Pemba. Mtoto wa Pemba anavuka bahari mara mbili: ya kwanza kufika Unguja, ya pili kufika Bara. Na ile ya kwanza ndiyo inayomaliza wengi, kwa sababu Unguja hana pa kulala. Wewe unauliza mpira unalala kwa nani, sisi tunauliza mchezaji mwenyewe atalala kwa nani. Asipokuwa na ami au khalati yake Mjini, kipaji chake kitaishia kiwanja cha Finya au Gombani na atatajwa barazani tu.

Na njumu zetu zinatoka kwenye karafuu. Msimu ukiingia skuli zinapungua watoto, kila mtu yuko juu ya mti. Unalipwa kwa pishi unazochuma. Usiku mnakaa ukumbini mnachambua, karafuu huku, makonyo yake, vile vikonyo, huku, vidole vinakuwa vyeusi na vinanuka wiki nzima. Mie pea yangu ya kwanza niliinunua kwa pesa hizo kwenye mtumba wa Chake, kubwa nambari mbili. Nikatia matambara mbele. Nilicheza winga wa kulia miaka minne na sikupata hata siku moja kujua ncha ya kiatu changu iko wapi. Nadhani ndiyo maana sikufika popote. Mke wangu anasema si viatu.

Lakini Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa kwa timu za taifa hapa hapa Gombani, na Zanzibar Heroes ikamfunga Burkina Faso fainali, niliwapeleka wanangu wawili. Yule mdogo hakutazama mechi. Alikuwa anatazama waokota mipira. Njia nzima ananiuliza wale wamechaguliwaje. Nimesoma uzi wako nikamkumbuka.

Maji Kupwa

Naomba na sisi wa shamba tuingie. Kwetu Jambiani kiwanja kinakuja na kuondoka. Maji yakitoka mna uwanja mkubwa kuliko Amaan, mchanga mgumu, maji yakijaa goli linaelea. Kocha wetu alikuwa bahari. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali kweli kweli na mnacheza mpaka mchoke, maji mafu mnabanwa ufukweni karibu na madau. Hatukuwa na saa, tulijua mapumziko kwa kutazama miamba.

Milingoti ya goli tulikuwa tunaiba vigingi vya mwani. Kina mama wanapanda mwani kwa mistari, kigingi huku kigingi huku, kamba katikati. Ukichomoa vinne umepata magoli mawili. Na umepata fimbo ukifika nyumbani, kwa sababu mama yako ndiye mwenye shamba. Kaka yangu alicheza mpaka daraja la kwanza na mama hajawahi kwenda kumtazama. Anasema alishalipa kiingilio kwa vigingi.

Jambo moja nililoliona: watoto wa ufukweni tukija Mjini kwenye kiwanja cha vumbi tunaruka ruka kama kuku, mpira unadunda na hatujazoea kitu kinachodunda. Tunachukua msimu mzima kuzoea. Kocha asiyejua hilo anakurudisha shamba wiki ya kwanza.

Dada wa Namba Tisa

Wanaume mnajisimulia tu. Mie nilikuwa golikipa wa uchochoroni kwetu Kikwajuni mpaka nilipofika miaka 12, mama akasema basi, sasa umekuwa mkubwa. Kaka yangu mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja alijifunza kupiga mashuti kwa kunipiga mie, mlango wa stoo ndio goli. Alikuja kucheza ligi kuu misimu sita. Waandishi walipomuuliza nani alimfundisha kumalizia akamtaja mchezaji mmoja wa Ulaya ambaye hata jina lake hajui kulitamka. Nilikuwa napika, nikapunguza moto nikaja kumtazama usoni. Hakunitazama.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda mpaka leo. Andika na hiyo kwenye daftari lako, fundi.

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Dada, nimeandika. Wallahi nimechukua kalamu.

Mtu wa Bara

Habari zenu ndugu zangu wa Visiwani. Mimi niko Mbagala, nafuatilia kimya kimya. Naomba nieleweshwe kitu kimoja. Mbona wachezaji wenu wengi wanatoka timu zenye majina ya vikosi? Feisal Salum, Fei Toto, alitoka JKU, na Ibrahim Bacca alitoka KMKM. Huku kwetu tunadhani mnalea wanajeshi halafu wanakuwa wachezaji.

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Karibu sana ndugu. Umepindua tu, ni wachezaji halafu wanakuwa askari. Timu za vikosi kwetu ni KMKM, ambacho ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, JKU ya Jeshi la Kujenga Uchumi, KVZ ya Valantia, Mafunzo, Zimamoto, na nyenginezo. Kijana akiwa mzuri kikosi kinamchukua, na akiendelea vizuri anaweza kupata ajira: mshahara wa mwezi, namba ya kazi, hata goti likivunjika ana pa kwenda asubuhi. Timu ya mtaa haiwezi kushindana na hilo. Ukizungumza na bibi wa mchezaji, neno litakalomlaza usingizi ni ajira, hilo la kipaji atakuitikia tu.

Kwa hiyo kijana wa miaka 18 ana njia mbili mbele yake. Kuna kikosi, salama, na pengine hataondoka tena maana ana kazi ya serikali ya kupoteza. Na kuna boti, majaribio Dar, hujui utalala wapi. Huyo Feisal uliyemtaja, kazaliwa tarehe 11 Januari 1998, mkesha wa Mapinduzi kwetu. 2018 akatoka JKU, akatajwa Singida United na kabla watu hawajamaliza kulijadili akawa Yanga, na 2023 akaenda Azam. Watu wanamuona amepanda lifti. Lakini Disemba 2017 kule Kenya alikuwemo kwenye Heroes ile iliyofika fainali ya CECAFA Chalenji. Tuliwafunga nyinyi Bara 2-1, nisamehe kwa kukumbusha, tukamtoa Uganda nusu fainali 2-1, na mwenyeji Kenya akatushinda kwa matuta Machakos baada ya sare ya 2-2. Hemed Morocco ndiye alikuwa kocha. Usiku ule Mjini hapakulalika, na hatukuwa tumeshinda.

Mwaka huo huo wa 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama kamili mwezi wa Machi, wakatunyang'anya mwezi wa Julai. Mtoto wetu akitaka kucheza kufuzu Kombe la Dunia lazima apitie Taifa Stars. Sina ugomvi na hilo, Nadir Haroub katoka huku na akawa nahodha wa Stars. Ninachosema ni kwamba mlango ni mmoja na uko upande wenu wa maji.

Mzee wa Baraza

Umemtaja Nadir bila kusema "Cannavaro". Hapa Unguja ukisema Nadir watu watauliza Nadir yupi.

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Kweli mzee. Na hilo la majina ya utani nalo ni sehemu ya malezi. Mtoto wa kwetu anapewa jina kabla ya kupewa viatu. Cannavaro, Babi, Fei Toto, Bacca, Morocco. Kwenye daftari langu kuna watoto sijui majina yao ya skuli mpaka leo, nimejua siku ya kuandika fomu za usajili, na mmoja mwenyewe alikuwa hajui jina la babu yake lipi liandikwe. Ukipewa jina uwanja mzima unalo, ukikosa bao unatukanwa kwa jina lako maalumu. Mtoto asiyepewa jina ndiye wa kumwangalia, huyo hajaonekana bado.

Hesabu Kali

Nimesoma yote. Mnalalamika kuhusu sifa, mie nazungumzia pesa. FIFA wana mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mwaka una robo ya asilimia moja ya ada yote. Miaka 16 hadi 23 kila mwaka una nusu.

Chukua mfano tu: kijana wa fundi auzwe nje kwa shilingi milioni 100. Klabu iliyokuwa naye miaka ile minne ingestahili milioni 1. Kwa Simba ni pesa ya maji ya kunywa. Kwa timu ya mtaa ni mipira ya miaka mingapi?

Swali langu kwa katibu: kijana alisajiliwa kwenye timu yenu kwa karatasi, tarehe ya kuingia na ya kutoka? Timu yenyewe imesajiliwa?

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Ndugu yangu Hesabu, umenikamata pabaya. Fomu za ligi za vijana tulijaza, nakala moja ilikuwa kwangu. Mvua za masika ya mwaka mmoja paa la duka likavuja juu ya kabati. Nilichookoa ni daftari la zamu. Nimelitoa leo baada ya kusoma ujumbe wako. Kuna Jumanne zake zote, mwaka wa kwanza nimeandika kwa kalamu ya risasi, baadaye kwa wino. Kuna sehemu nimeandika "anadaiwa fulana, asidaiwe." Sijui FIFA watakubali daftari la zamu ya kulaza mpira, lakini ndiyo karatasi pekee duniani inayosema alikuwa wapi akiwa na miaka 12.

Hesabu Kali

Lipige picha kila ukurasa. Na watoto ulionao sasa waandikie kila mmoja ukurasa wake, tarehe na saini ya mzazi, pelekeni nakala kwenye chama cha wilaya. Sitanii.

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Nimeanza usiku huu, taa ya cherahani inatosha.

Karafuu na Makonyo

Fundi, yeye mwenyewe anajua watu wanamdai hivyo redioni?

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Anajua. Idi iliyopita alikuja, akakaa pale pale mlangoni alipokuwa akisimama. Nikamwambia watu watatu wanasema wamekuibua. Akasema, "Ami, waache, wawili kati yao waliwahi kuninunulia soda." Huyo ndiye yeye. Mie ndiye nisiyeweza kuwaacha.

Akauliza kama zamu bado zipo. Nikamwonesha. Siku hizi tuna mipira mitatu, miwili aliileta yeye. Akasoma majina ya Jumanne, akauliza huyu ni nani, nikamwambia huyu ni mdogo, hachezi bado, anaokota.

Karafuu na Makonyo

Ijumaa kuna jamaa yangu anakuja Unguja na meli. Nakupa mpira mmoja, mpya, wa kijana wangu aliyeacha kucheza. Atauacha hapo dukani. Mna pampu?

Fundi Cherahani (mleta uzi)

Mungu akulipe yakhe. Sindano ya pampu tunayo, tena mbili. Pampu ndiyo hatuna.